Gongo, bati au rungu? Tunamwongelea Pete Incaviglia

BARAKA: Da Tunu, ngoja kwanza nisimulie. Jumamosi nimempeleka Junior mazoezini ya besiboli huku Oklahoma, Marekani, kocha akanipa gongo la alumini nijaribu...

TUNU: Umepewa nini?

BARAKA: Gongo.

TUNU: Kaka, kuna watu wanatusikiliza Tandale! Gongo asubuhi, mbele ya mtoto?

BARAKA: (anacheka) La kupigia mpira! Nikapiga, likalia tiiing, mikono ikafa ganzi, nikasema leo lazima tumwongelee Incaviglia.

TUNU: Sema bati basi.

BARAKA: Bati si la paa?

TUNU: Ndo vizuri, si la alumini? Bati kabisa hilo.

BARAKA: Mi nasema rungu.

TUNU: Rungu la Wamasai ni mti, usituchanganye. Haya, endelea na bati lako.

BARAKA: Sawa, bati. Huyu jamaa alikuwa anacheza kule nyuma uwanjani, wale wanaosubiri mipira mirefu, chuo cha Oklahoma State, mji wa Stillwater. Msimu wa 1985, mechi 75, kavusha uzio mara 48, ndo homurani hizo, na kwa mapigo yake timu ikapata mikimbio 143, yaani pointi! Miaka mitatu ya chuo homurani 100, na rekodi zote mbili, ile 48 ya msimu na hii 100, mpaka leo hajazigusa mtu. 2007 wakamwingiza Jumba la Heshima la besiboli ya vyuo, mi naona walichelewa.

TUNU: Jumba lenyewe lilianza kupokea watu 2006, wamechelewa wapi? Ila mimi shida yangu ni bati. Lile ni tupu ndani, mpira ukigonga ukuta wake unabonyea kidogo halafu unausukuma, mti haufanyi hivyo. Vyuo vimeruhusu bati toka 1974, baadaye wakaona mipira inaruka mno wakabana masharti ya bati, 2011 wakabana tena, homurani zikapungua. Sasa hiyo 48 unailinganishaje na ya kijana wa leo?

BARAKA: Lakini 1985 wote walishika bati! Mbona hao wengine hawakufika 48?

TUNU: Sijasema hajui, nasema namba imebebwa.

BARAKA: Imebebwa na nani? 1986 kaenda Texas Rangers, timu ya ligi kuu ya kulipwa, moja kwa moja bila kupita ligi ndogo za kujinoa, na kule bati hakuna, kashika mti, homurani 30 mwaka wa kwanza!

TUNU: Na katolewa kwa kukosa mpira mara 185, hakuna aliyemzidi ligi nzima ya American. Mti ulimwumbua.

BARAKA: Haukumwumbua bwana, misimu 12, homurani 206!

TUNU: 206 nazikubali, za rungu hizo. Zile 100 ni za bati.

BARAKA: Umeona, umesema rungu mwenyewe!

TUNU: (anacheka) Nimeteleza. Ila kwenye namba sibadiliki.

BARAKA: Na mimi sibadiliki, aliyesimama pale anarushiwa mpira ni yeye, si bati.

TUNU: Ungewaambia na ile ya Montreal.

BARAKA: Eeh, Expos, timu ya Montreal, ndo walimchagua raundi ya kwanza timu za kulipwa zilipogawana vijana, akagoma kuanzia ligi ndogo, wakambadilisha na Rangers, ligi ikaweka sheria mchezaji uliyemchagua humbadilishi na timu nyingine mpaka mwaka upite, ila 2015 wakailegeza...

TUNU: Baraka, dakika zimeisha, na tuliahidi mambo matatu kwa wazazi wenye watoto wachezaji.

BARAKA: Hata moja hatujagusa. Basi wiki ijayo, Junior ananisubiri nje.

TUNU: Na gongo?

BARAKA: Rungu!