Waifai Ikisuasua, Anzia Kwenye Aksesi Pointi

(Mhadhara kwa mafundi mitandao, Tabora mjini)

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Kilio cha gesti na ofisi za hapa Tabora ni kimoja: "Fundi, waifai imejaa lakini haifungui kitu." Fundi naye anafungua tovuti ya kupima spidi, anaona namba ndogo, anampigia mtoa huduma kugomba. Kipimo kile kimejumlisha safari nzima: hewani kutoka kwenye simu hadi aksesi pointi (kile kifaa kinachorusha waifai), kwenye waya hadi ruta, kisha huko nje mpaka seva iliko. Hakikwambii njia imeziba wapi.

Sisi tutaanzia katikati. Ingia kwenye mipangilio ya aksesi pointi, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kila simu ina namba ya nguvu ya mawimbi, kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, desibeli kwa kulinganisha na miliwati moja), nayo ni hasi. Hasi 50 ni safi sana. Hasi 67, mtu bado anapiga simu ya video bila shida. Hasi 80, hapo ni kubahatisha. Na msizihesabu kama shilingi: kila zikishuka 10, nguvu imebaki moja ya kumi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi hupotea. Namba hiyo ni jinsi aksesi pointi inavyoisikia simu. Vile vijiti kwenye skrini ya mteja ni upande wa pili. Aksesi pointi nyingi hurusha kwa miliwati 100 au karibu na hapo. Simu nyingi hurusha chini ya hapo. Ni kama dalali wa mnadani mwenye kipaza sauti: uliye mbali unamsikia vizuri, ukitaja bei haimfikii. Ndiyo maana kuipandisha nguvu aksesi pointi, dawa inayokimbiliwa na kila mtu, hujaza vijiti na malalamiko yakabaki palepale.

Tazameni orodha hiyo hapo ukutani. Simu hii mezani: hasi 48. Kijana, hebu toka nayo, upite ule ukuta wa matofali ya kuchoma, usimame chini ya mwembe. Hasi 61... hasi 70... hasi 78. Skrini iendelee kuwaka, tafadhali! Simu ikizima skrini husinzia ili kutunza chaji, pingi (ujumbe mfupi wa kupima jibu linarudi baada ya muda gani) zikachelewa, ukautukana mtandao bure. Haya, napiga pingi kutoka aksesi pointi kwenda kwenye simu. Ilipokuwa humu ndani majibu yalikuja kwa milisekunde 3, 4. Sasa 9, 140, 22, moja imepotea. Mimi wastani haunisumbui sana, naangalia kuyumba. Anayeongea kwa WhatsApp huumizwa na kuyumba kuliko spidi ndogo.

Dada hapo nyuma anauliza habari ya masika. Ndiyo, majani yaliyolowa hunyonya mawimbi, na mji huu mnajua miembe yake. Hata miili yetu hunyonya: ukumbi ukipimwa mtupu, ukaja kupimwa umejaa watu, majibu hayafanani.

Chaneli, yaani vijia vya masafa ambavyo waifai hupita, nitapita haraka: kwenye gigahezi 2.4 kaeni kwenye 1, 6 au 11, basi.

Ukitaka spidi ya hewani peke yake, chomeka laptopu kwa waya nyuma ya aksesi pointi, endesha iperf3 (programu ya kupima spidi) kati yake na simu, kupakua na kupakia. Usiiendeshe ndani ya aksesi pointi yenyewe; prosesa yake ndogo italemewa, utakuwa umepima uchovu wake.

Na mkikuta simu moja iko hasi 84, inaburuta megabiti 6 kwa sekunde, itoeni kwa muda, kisha pimeni wengine. Hewa ni ya zamu, na mwenye spidi ndogo hukaa na zamu muda mrefu. Wengine wakichangamka, msimuuzie mwenye gesti bando kubwa zaidi. Mvutieni waya hadi vyumba vya mwisho, mfunge aksesi pointi ya pili huko.