Sikio Halilazimishwi

Ndugu zangu wapiga mbizi, wa mtungi na wa pumzi moja, kabla sijasema lolote naomba kila mmoja abane pua, afunge mdomo, kisha ameze mate. Mmesikia kile kimlio ndani ya masikio? Huo ni mrija wa Yustakio umefunguka. Unaunganisha sikio la kati na nyuma ya pua, na muda mwingi hukaa umejifunga. Kazi yetu leo ni kuufungua kwa wakati.

Kwa wakati, nasisitiza. Juu ya maji tuna kanieneo ya angahewa 1. Mita 10 chini zinakuwa 2, na hewa iliyomo sikioni, usipoiongeza, husinyaa kuelekea nusu. Ili isinyae nusu tena ni mpaka ufike mita 30. Kwa hiyo mita chache za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo watu wanazozipita mbio! Ukichelewa kusawazisha, yaani kuingiza hewa sikioni ilingane na kanieneo ya nje, kiwambo cha sikio kinavutwa ndani, kuta laini za mrija zinabanana, na hapo hata upulize vipi haufunguki. Anza ukiwa bado juu, rudia kila baada ya nusu mita. Ukisikia maumivu umeshachelewa: panda kidogo, uanze upya.

Wengi tulifundishwa kubana pua na kupuliza, mbinu yenye jina la Valsalva, tabibu Mwitalia aliyeiandika mwaka 1704. Inafaa, ikifanywa taratibu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipuliza kwa nguvu zangu zote, kwa sababu wenzangu walikuwa wameshatangulia chini. Nikapanda sikio likivuma kama mzinga wa nyuki, na mvumo ule ukanikaa siku tatu. Nilibahatika. Nguvu kama ile huweza kupasua dirisha la duara, utando mwembamba ulio kati ya sikio la kati na la ndani, na usikivu unaopotea hapo huenda usirudi.

Kwa anayeshuka kichwa chini kwa pumzi moja, Valsalva humwacha njiani, maana mapafu nayo yanasinyaa na hewa ya kupuliza inamwishia. Yeye anahitaji Frenzel, mbinu ya daktari Mjerumani aliyewafundisha marubani wa kivita wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Tujaribu. Bana pua. Funga koo kama mtu anayenyanyua mzigo. Sasa tamka "k" bila kutoa pumzi: ulimi unarudi nyuma na juu kama pistoni, ukiisukuma ile hewa kidogo ya kinywani. Gusa kikoromeo, utakiona kinapanda. Mkono mwingine tumboni. Likikaza, bado unatumia kifua. Hebu mtazameni dada wa safu ya mbele: mabawa ya pua yametuna, tumbo limetulia. Ndiyo hiyo!

Mwenye mafua asiingie majini. Na asitegemee dawa ya kuzibua pua, kwani ikimwishia nguvu akiwa chini, hewa inayotanuka wakati wa kupanda hukosa pa kutokea. Kushuka unaweza kuahirisha, kupanda, hapana.

Haya, chukueni vioo. Frenzel mara ishirini, polepole, nami nitapita kwa kila mmoja.