Leo Nimekatazwa Kuongea: Fereti, Sungura na Mitamba wa Devon

Ongezeni sauti kwenye simu zenu, leo nanong'ona. Mzee ninayewinda naye amesema nikipayuka tena ananirudisha garini. Mnanijua, mimi kunyamaza dakika kumi ni kifungo. Ila chini ya buti zangu hapa kuna viumbe wenye masikio, wakishajua tupo hawatoki ng'o.

(...)

Haya, tumepumzika, sasa naongea kama mtu. Kongwa hamjambo? Mama, shikamoo. Niko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kwenye shamba lile lile ninalokamua ng'ombe. Leo ni siku yangu ya mapumziko, na badala ya kulala nimekuja kwenye tope kuwinda sungura kwa fereti, mnyama mdogo anayetumwa shimoni kuwafukuza sungura watoke.

Fereti ni nani? Mfikirieni kicheche, mumvue mistari yake na kumpunguzia ule uvundo. Ni ukoo mmoja. Huyu hapa ni jike, mweupe pee, macho mekundu, mwembamba anaingia kwenye mkono wa koti langu. Mzee anapenda majike. Anasema dume lina mwili na ubabe, likimbana sungura humo ndani mara nyingi linamuua, linakula, linajilaza. Wewe uko juu na baridi yako, mwenzako chini kashiba. Kwa hiyo hata hili jike halikuletwa na njaa. Limekula kidogo asubuhi.

Sasa mimi kilichonichanganya ni sungura mwenyewe. Yule wetu wa porini kule nyumbani hachimbi. Mchana unamfumania kajilaza juu ya ardhi, kwenye majani, anakurupuka miguuni pako. Huyu wa huku anachimba, tena kwa ukoo mzima, shimo linaingia shimo. Ndiye babu wa wale mnaofuga kwenye mabanda. Na wala hakuzaliwa Uingereza: aliletwa nchi hii na Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, kwenye karne ya 12, kwa ajili ya nyama na ngozi. Ukipanda milima ya Dartmoor utaona matuta marefu kama makaburi ya majitu. Yalilundikwa na watu, makusudi, ili sungura apate udongo laini wa kuchimba! Yaani mtu alimjengea sungura nyumba. Leo sheria ya mwaka 1954 inamtaka mwenye ardhi huyo huyo awapunguze.

Kwa nini? Sogeeni hapa na kamera. Mnaona mpaka wa shamba? Si uzio wa waya, ni tuta la udongo lenye kichaka juu yake, ndiyo desturi ya Devon. Sungura wanaishi ndani ya tuta. Usiku wanatoka kula, ila hawaendi mbali na mlango wao, waoga. Matokeo yake kipande chote cha karibu kimenyolewa kama kichwa cha kuruta, halafu magugu ya miiba yanaota pale ambapo ng'ombe angekula. Hilo ni moja. Baya zaidi ni lile tuta: sungura wanalitoboa ndani, ng'ombe wanakuja kujikuna pembeni, linaporomoka, na asubuhi mifugo yako iko kwa jirani. Wafugaji wenzangu mnajua mazungumzo ya namna hiyo na jirani yanavyoanza. Na mtamba akitumbukiza mguu kwenye shimo huku anakimbia, basi tena.

Tumeanza kwa kutega nyavu. Kila mlango wavu wake, kigingi ardhini, kamba inapita pembeni. Sungura akiingia kwa kasi anaufunga mwenyewe kama mfuko wa kamba. Kwenye kona ile tumepita mbali. Mzee ameonyesha kidole tu: shimo kubwa, pana chini, lundo la udongo mlangoni. Hapo anakaa binamu wa nyegere, huku wanamwita "badger", na sheria ya 1992 inamlinda yeye na nyumba yake. Ukipeleka fereti mle umejitafutia kesi.

Tumetega nyavu 23. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo, mara wakatokea mitamba. Kumi na wawili! Hawa si wakali, ni wambea. Ng'ombe kijana hawezi kuona mtu amechutama asije kuuliza kulikoni. Mmoja alilamba wavu, mwingine akakanyaga kigingi, wa tatu akanipumulia shingoni. Ikabidi tuvute waya wa umeme kuwatenga, nusu saa imekwenda, kimya kimya. Mzee anasema wiki ijayo wanaingia bandani mpaka baridi iishe, na hapo ndipo kazi ya fereti inakuwa tamu. Kiangazi haifanywi: vichaka vimefunika milango, na mashimoni kuna vitoto.

Fereti akavalishwa kola yenye kifaa cha kumfuatilia, akaingia shimoni. Kimya. Halafu, ndugu zangu, nikasikia du, du, chini ya ardhi. Sungura anapiga mguu kuwaonya wenzake. Mtoto wa Kigogo nikakumbuka kina mama na ngoma zao za muheme. Kisha wavu wa kwanza ukaruka kama umepigwa teke, wa pili, wa tatu. Mmoja akatokea mlango ambao mimi, mwenye macho yangu mawili, sikuuona. Akanipita. Mzee hakusema kitu, alinitazama tu.

Baadaye jike likaganda chini. Kifaa kikaonyesha sentimita sitini hivi, nikapewa beleshi. Mnaodhani Ulaya watu wanabonyeza vitufe, mje mchimbe udongo uliosukwa na mizizi ya kichaka. Tumelikuta limembana sungura kwenye kona.

Jumla saba. Mzee anawavunja shingo palepale, haraka, hapendi mnyama ateseke. Na najua swali linakuja kutoka Kondoa: halali? Wavu unamkamata akiwa hai, kwa hiyo Mwislamu akiwepo na kisu chake anaweza kumchinja mwenyewe. Mimi nimepewa wawili, nitawaunga kwa karanga.

Mzee anasema babake aliona mashamba haya bila sungura hata mmoja. Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosisi ulifika Uingereza, ukaua karibu wote. Vipofu, wamevimba, wakifia barabarani. Nyasi zilipona, lakini anasema babake hakupenda kuzungumzia miaka ile, na hakuwala sungura tena.

Ngojeni kidogo. Waya wa umeme umelala chini. Mitamba hao! Yule mwekundu ana wavu mdomoni, na nyavu ni za mzee. Ee, we! Wee! Mzee, sasa naruhusiwa kupiga kelele?