Vyombo vya Bwana Vilivyokwenda Utumwani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi wetu tulipofundishwa habari za hema ya kukutania, ile hema ya ibada ya Israeli jangwani, tuliambiwa dhahabu ni uungu, fedha ni ukombozi, shaba ni hukumu. Mafundisho hayo yana faida yake. Ila mara nyingi yanatuacha tukikodolea macho madini, tusiulize ni nini hasa kilichokifanya chombo kiwe kitakatifu.

Tufungue Kutoka 40. Kazi ya mafundi wa hema, Bezaleli na Oholiabu, imekwisha. Kinara kimefuliwa kwa talanta moja ya dhahabu safi, meza ya mikate ya wonyesho iko tayari, birika la shaba lipo. Birika hilo, Kutoka 38 inasema, lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Walichojitazamia nyuso zao, makuhani sasa watanawia mikono na miguu. Lakini vyote hivyo bado ni kazi ya fundi tu, mpaka Musa avipake mafuta. Tangu hapo ni vya Bwana, na matumizi mengine havina tena.

Sasa angalieni jambo ambalo wahubiri hulipita haraka. Mahali patakatifu palikuwa pia na vyungu vya udongo. Walawi 6:28 inaagiza kwamba chombo cha udongo kilichotokosewa nyama ya sadaka ya dhambi kivunjwe. Kikiwa cha shaba, kisuguliwe na kuoshwa kwa maji. Chungu kimebeba sadaka ya dhambi za watu, kisha kinavunjwa! Mimi siwezi kuusoma mstari huo bila kuuona msalaba. Tena Paulo, aliyelelewa miguuni pa Gamalieli na kuijua torati hiyo, ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba hazina hii tunayo katika vyombo vya udongo, ili uwezo uonekane kuwa wa Mungu, si wetu.

Twende Babeli, maana hapo ndipo nataka tukae.

Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alivichukua vyombo vya hekalu la Yerusalemu zaidi ya mara moja, mpaka mwaka 586 KK alipoiteketeza nyumba yenyewe. Vingine vilikatwakatwa, bahari ya shaba, lile birika kubwa aliloisubu Sulemani, ilivunjwa, shaba yake ikabebwa. Vilivyobaki vizima vikawekwa katika hazina ya mungu wake. Mtu wa Yerusalemu angesema nini, ila kwamba Bwana ameshindwa? Kabla nyumba haijateketezwa, vyombo vya kwanza vilipokwisha kuchukuliwa, nabii Hanania aliwafariji watu: miaka miwili tu, vitarudi. Yeremia akamkatalia. Alikuwa amekwisha kupewa neno: vitakaa Babeli hata siku Bwana atakapovijilia, ndipo atakapovipandisha na kuvirudisha mahali pake.

Miaka ikapita. Usiku mmoja mwaka 539 KK Belshaza, aliyetawala Babeli, akaviagiza karamuni, mbele ya wakuu wake elfu, wakavinywea divai wakisifu miungu ya dhahabu na fedha. Chombo kimo mkononi mwa mlevi, kimejaa divai ya sanamu. Je, kimeacha kuwa cha Bwana? Mkono ulitokea ukaandika hukumu ukutani, na huo ndio uliojibu. Belshaza aliuawa usiku uleule.

Ndugu yangu uliyewahi kuwekwa wakfu, kisha maisha yakakupeleka mahali usipopenda hata kupataja, sikia: mwenye chombo hakukisahau. Aliyenajisi ndiye aliyehukumiwa. Chombo kilitafutwa kirudi.

Maana Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipotoa ruhusa Wayahudi warudi kwao, Ezra 1 inaonyesha Mithredathi, mtunza hazina, akimhesabia Sheshbaza, mkuu wa Yuda, vyombo hivyo: masinia, visu, mabakuli. Jumla 5,400. Baada ya karibu miaka hamsini ya hekalu kuwa magofu, vilikuwapo vya kuhesabiwa, na vikapandishwa pamoja na watu waliohamishwa. Tangu kwenda mpaka kurudi, safari ya vyombo na ya watu ilikuwa moja.

Naye Zekaria, aliyetabiri kati ya hao waliorudi, akaona mbali zaidi. Kuhani mkuu alivaa kwenye kilemba bamba la dhahabu lenye maneno "Mtakatifu kwa Bwana". Zekaria 14 inasema maneno hayo yataandikwa kwenye njuga za farasi, na kila chungu katika Yerusalemu na Yuda, hata cha jikoni kwa mtu wa kawaida, kitakuwa kitakatifu, na watu watakuja kuvitwaa na kupikia sadaka ndani yake.