Mshenga Asiye na Uso: Maoni ya Msomaji Juu ya Riwaya ya Matched

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokuja kutoka shule mbalimbali za hapa Mwanza, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimechagua kuzungumzia Matched, riwaya ya mapenzi ambayo Ally Condie wa Marekani aliwaandikia vijana na kuitoa mwaka 2010, kwa sababu inagusa jambo ambalo sisi wa pande za Ziwa tunalijua vizuri: nani ana haki ya kumtafutia kijana mchumba.

Msichana Cassia ana miaka 17. Katika nchi yake watawala, wanaojiita Jumuiya, hupanga kila kitu, kuanzia chakula na kazi hadi siku ya kufa, na mchumba huteuliwa kwa hesabu za takwimu kisha hutangazwa karamuni. Cassia anapewa Xander, rafiki yake wa tangu utotoni. Baadaye, anapotazama nyumbani kadi yenye habari za mchumba wake, sura ya kijana mwingine, Ky, inatokea kwa kitambo na kutoweka. Anaambiwa kwamba hilo ni kosa tu, na kwamba Ky hastahili kuchumbiwa na yeyote kwa sababu ya hatia ya baba yake.

Wasomaji wengi hubishana kama Cassia angebaki na Xander au angemfuata Ky. Mimi naona mabishano hayo yanatupitisha pembeni ya kiini cha kitabu. Uchungu wake hautokani na kuchaguliwa mchumba, maana hata kwetu wazazi wamechagua, mshenga ametumwa na mahari ya ng'ombe imejadiliwa hadi usiku. Lakini mshenga ana jina na ukoo. Akikosea hufuatwa nyumbani kwake akaulizwa. Mshenga wa Cassia hana uso. Hakuna mlango wa kubisha.

Nikitafuta mfano ulio karibu nasi, namkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Bugonoka anasimangwa na ndugu wa mumewe kwa kukosa mtoto, na wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere anakwenda ukweni, anaketi mbele ya wazee, anaomba, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, na hatimaye anarudi na mkewe. Wazee wale ni wakali, na adhabu yao ni nzito, ila wanamsikiliza. Sijaona katika Matched mahali ambapo Cassia anapata kikao cha namna hiyo, na naamini mwandishi amekusudia tuuhisi upungufu huo.

Kuna jambo la pili ninalolipenda mno. Jumuiya imebakiza mashairi 100 tu, nyimbo 100 na michoro 100, mengine yote yakateketezwa. Hebu fikirini kamati ikija Usukumani kuchagua nyimbo 100 kati ya zile ambazo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wameshindana kuzitunga kwa vizazi vingi! Babu yake Cassia, akiwa ametimiza miaka 80, umri uliopangwa watu wafe, anamwachia mjukuu karatasi iliyofichwa ndani ya kikopo cha poda, na ndani yake mna shairi la Dylan Thomas linalomsihi mtu asikubali kifo kwa upole. Cassia analihifadhi kichwani. Ky naye anamfundisha kuandika kwa mkono, ujuzi uliokwisha kusahaulika katika nchi hiyo, na kwangu mimi kurasa hizo zina mapenzi mengi kuliko busu lolote lililomo kitabuni.

Lawama ninayo pia. Sehemu ya katikati, vijana wanapopanda vilima siku baada ya siku, inajirudia, na Xander, kijana mwema asiye na kosa, anaachwa bila kupewa nafasi ya kutosha ya kuumia.

Hata hivyo namsamehe mwandishi kwa ajili ya tukio moja. Kazi ya Cassia ni kuchambua takwimu, na siku moja anaamriwa kuwapanga wafanyakazi wa kituo kimoja katika makundi mawili kwa kasi ya mikono yao. Miongoni mwao yumo Ky, aliye mpakani kabisa mwa makundi hayo. Anamweka katika kundi la wepesi zaidi, kwa kumtakia maisha bora, na haupiti muda Ky anachukuliwa na kupelekwa mbali. Msichana aliyelalamika kwamba hajui ni nani aliyempangia maisha, sasa amempangia mwenzake bila kumuuliza, tena kwa upendo. Ningeomba maswali yetu yaanzie hapo: je, Cassia alipaswa kumwambia Ky mwenyewe alichokifanya, na angemwambia kwa maneno gani?