Kiti cha Tatu na Kinyongo cha Marubani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie maisha ya rubani aliyetoka kwetu na kuajiriwa huku Marekani. Hayo ni mambo mengi, nami nitashika moja: jampsiti. Najua baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hili mpaka mkachoka. Nitalisema tena, kwa sababu juzi tu nimepigiwa simu na kijana wetu mmoja aliyeachwa getini usiku, kwa sababu isiyohusiana hata kidogo na usalama wa ndege.

Marubani mliomo humu hamhitaji maelezo. Kwa wazazi na wenza waliowasindikiza: ni kile kiti cha kukunja kilicho nyuma ya marubani wawili. Hakina raha. Lakini ndicho kinachowafikisha kazini marubani wengi wa nchi hii. Mtu anaishi Minneapolis, kituo chake cha kazi ni Newark, na nauli ya kati ya hapo ni juu yake mwenyewe. Basi anaomba lifti kwenye ndege ya shirika jingine, na kesho rubani wa shirika hilo ataomba kwetu. Mashirika yana makubaliano yao, sawa, lakini neno la mwisho ni la kapteni wa ndege ile, siku ile.

Kanuni ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, namba 121.547 inataja nani anaweza kuruhusiwa kuingia chumba cha marubani, kisha inaweka wazi kwamba hakuna kinachompunguzia kapteni mamlaka yake ya dharura ya kumtoa humo mtu yeyote kwa ajili ya usalama. Kwa ajili ya usalama. Naomba maneno hayo myaweke kichwani, tutayarudia.

Nianze na waombaji, maana malalamiko mengi huanza kwao. Siku hizi mhudumu wa getini anaingiza jina lako na namba yako ya kazi kwenye CASS, mfumo wa kuhakiki utambulisho wa marubani, ule ulioletwa baada ya Septemba 11, 2001, wakati milango ya kokpiti, yaani chumba cha marubani, ilipofungwa kwa marubani wa mashirika mengine. Jibu linarudi na picha yako, unapewa kikaratasi, unapita. Na vijana wanadhani wamemaliza! Anaingia ndegeni, anampita kapteni mlangoni kama anavyopita nguzo, anasukuma begi lake juu, anaketi safu ya 27 kwa sababu kiti cha abiria kilikuwa tupu, anaziba masikio kwa muziki. Kapteni hana habari kwamba yumo.

Mimi mtu wa namna hiyo humfuata. Natoka kiti changu cha kushoto, cha kapteni, napita katikati ya abiria wanaopanga mizigo, nafika safu ya 27, nainama, namwambia kwa sauti ya chini: "Kaka, mbona umeingia nyumbani kwangu bila hodi?" Wengi huona aibu kweli, wakasimama, tukarudi wote mbele kusalimiana vizuri. Mmoja aliniuliza, "Kwani si nimepewa kikaratasi?" Huyo sikumshusha, lakini alinisikiliza mpaka abiria wa mwisho alipoketi.

Sisi tuliolelewa pwani na bara ya Afrika Mashariki hatuna kisingizio hapa. Hakuna mtoto kati yenu aliyefundishwa kusukuma mlango wa jirani kwa sababu geti la uani lilikuwa wazi. Unasimama, unapiga hodi, unangoja karibu. Kokpiti ni hivyo hivyo. Simama mlangoni. Ukiwakuta wanasomeana orodha ya ukaguzi, nyamaza, ngoja wamalize. Kitambulisho, leseni na cheti cha afya viwe tayari mkononi. Usianze kupekua pochi huku kapteni amekunyooshea kiganja. Kisha sema: "Kapteni, habari za jioni. Naitwa fulani, nipo shirika fulani. Naomba usafiri hadi Denver kama una nafasi." Sema naomba. Hata kama unajua nafasi ipo, hata kama kapteni mwenyewe ni mdogo kwako kwa miaka ishirini. Halafu msalimie na rubani msaidizi, maana naye ni mwenye nyumba, na wahudumu wa kabini pia, ambao wengi mnawapita bila hata kuwaangalia.

Kuna mtu ananong'ona pale: "Mzee, mimi ninakaa kabini, si kokpiti, kwa nini nimsumbue kapteni aliye na kazi?" Swali hilo nalijibu kila mwaka, na sitachoka kulijibu. Kwanza, hata ukikaa safu ya mwisho umesafiri kwa idhini yake. Ndiyo maana huwezi hata kuagiza bia. Pili, anahitaji kujua kwamba huko nyuma ana rubani. Julai 19, 1989, ndege aina ya DC-10 ya shirika la United, safari namba 232 kutoka Denver kwenda Chicago, ilipasukiwa injini ya mkiani na haidroliki zote, ile mifumo inayosogeza vidhibiti vya ndege, zikaisha. Mwalimu wa marubani wa DC-10, Denny Fitch, alikuwa amekaa daraja la kwanza kama abiria. Hakukimbilia mlangoni. Alimtuma mhudumu amwambie kapteni, Al Haynes, kwamba yupo na anaweza kusaidia. Haynes akasema aje. Fitch akapiga magoti sakafuni kati ya viti, akashika vidhibiti vya nguvu za injini mbili zilizobaki, kwa sababu nguvu hizo peke yake ndizo zilizokuwa zimebaki kuigeuza ndege. Ilianguka ikitua Sioux City. Walikuwemo watu 296, na 184 wakatoka hai. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga hawakuiona DC-10, lakini nawaambia walijua.

Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kule kusimama mlangoni nusu dakika kunampa kapteni nafasi ya kukutazama. Anaona macho yako, anasikia pumzi yako, anapima maneno yako. Oktoba 22, 2023, rubani aliyekuwa mapumzikoni alikaa jampsiti ya ndege ya shirika la Horizon kutoka Everett kwenda San Francisco, na angani akajaribu kuvuta vishikio vya kuzima injini zote mbili. Wenzake walimdhibiti, wakatua Portland. Aprili 7, 1994, ndege ya mizigo ya FedEx, safari namba 705 kutoka Memphis, ilishambuliwa kwa nyundo na mfanyakazi wa FedEx hiyo hiyo aliyekuwa akisafiri kwenye jampsiti. Wale wafanyakazi watatu wa ndege walipigana naye huku wakivuja damu, wakairudisha Memphis salama, na majeraha yale yakawazuia wote kurudi tena kazi ya urubani wa ndege za kibiashara.

Basi anasimama mtu na kusema: "Umeona? Dawa ni kufunga mlango, asibebwe mtu." Hapana. Huyo wa Horizon alizungumza na wenzake vizuri kabla ya kuondoka, kwa hiyo sidai kwamba salamu inazuia kila balaa. Ninachosema ni kwamba kapteni ana haki, na wajibu, wa kuuliza maswali. Umelala saa ngapi? Unaendeleaje? Kuna jambo linakusumbua? Nikiona jibu limekaa vibaya, nakuacha, na sitaomba radhi. Hiyo ndiyo maana ya yale maneno niliyowaomba myaweke kichwani. Kukataa kwa sababu ya usalama ni kazi ya kapteni.

Sasa nije kwa makapteni. Nisikilizeni vizuri nyie mlio na mistari minne begani, maana vijana nimewasema vya kutosha.

Nilipokuwa bado rubani msaidizi, kwenye shirika ambalo silitaji, tulikuwa Chicago usiku wa baridi, safari ya mwisho ya siku. Jampsiti tupu. Akaja kijana wa kike, kofia ameishika mkononi, theluji haijayeyuka mabegani, hati zake zote zimepangwa vizuri kabisa. Akaomba kwa adabu ambayo hata leo naitolea mfano. Kapteni wangu hakugeuza shingo. Akauliza tu anatoka shirika gani. Alipotaja, akasema, "Siwabebi watu wenu." Basi. Shirika lake na letu yalikuwa yameunganishwa na wamiliki, na marubani walikuwa wakigombania orodha ya ukongwe kazini. Binti yule hakuwa amezaliwa kwenye ugomvi ule. Alikuwa ameajiriwa miezi michache tu. Nilimwona akishukuru. Akashukuru! Akageuka kwenye daraja la kupandia ndege na kuvuta begi lake. Tuliruka na kiti kitupu nyuma ya mabega yetu, na ile safari nzima hatukusemezana zaidi ya orodha za ukaguzi.

Usalama uko wapi hapo? Alimwona ana hatari gani? Mamlaka aliyopewa kulinda abiria aliyatumia kulipizia mambo ya mkataba wa kazi. Hilo mimi naliita matumizi mabaya ya cheo, na nalisema mbele ya mtu yeyote.

Najua hoja ya wazee, na naiheshimu. Wapo waliogoma shirika la Continental mwaka 1983, mkuu wake Frank Lorenzo alipolipeleka shirika kwenye ufilisi na kuivunja mikataba ya kazi. Wapo wa United 1985, wa Eastern 1989. Watu walipoteza nyumba, ndoa zikavunjika, huku wenzao wakivuka mstari wa mgomo na kukalia viti vyao. Orodha za waliovuka ziliandikwa, zikatembea kwenye mabegi ya marubani miaka na miaka, na aliyekuwamo hakubebwa. Kama wewe uligoma na nyumba yako ikauzwa, mimi siwezi kukufundisha kusamehe. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1983 alitimiza 65 mwaka 2023, na 65 ndio mwisho wa kurusha ndege za abiria hapa. Wengi wa wale watu wameshastaafu. Anayesimama mlangoni kwako leo alikuwa hajazaliwa. Unamwadhibu nani?

Na mnapomwacha, fikirini anakokwenda. Haendi nyumbani kulala. Anatafuta ndege inayofuata, anazunguka kwa mji wa pili, anapanda ya mizigo saa nane za usiku, anafika kituoni asubuhi na siku ya kazi inamngoja. Rubani msaidizi wa ndege ya shirika la Colgan, safari namba 3407, iliyoanguka karibu na Buffalo Februari 12, 2009 na kuua watu 50, alikuwa amesafiri usiku kutoka Seattle kupitia Memphis hadi Newark kwa lifti za namna hii. Yeye alibebwa, hakuna aliyemkatalia, na wachunguzi waliweka sababu kuu kwenye jinsi kapteni alivyoshughulikia onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Lakini baada ya ajali ile nchi nzima ilizungumza uchovu na safari za kwenda kazini, na kanuni mpya za mapumziko zikaanza kazi Januari 2014. Saa mnazomnyang'anya mwenzenu kwa kinyongo zinatoka kwenye usingizi wake, na usingizi huo ni wa abiria wake.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengine: chini ya futi 10,000 mgeni anyamaze isipokuwa ameona hatari, na akiiona aseme, asione haya. Usikosoe utuaji wa mtu ukiwa umebebwa bure. Ukishuka, rudi mlangoni ushukuru, hata kama umechelewa basi la wafanyakazi. Suala la mashirika ya nyumbani, ambako mambo haya huendeshwa kwa barua ya ofisi zaidi kuliko neno la kapteni, litahitaji siku yake.

Nyie makapteni, ninalowaomba ni dogo: mkikataa, geuzeni shingo, mtazameni mwombaji, mwambieni sababu usoni. Sababu ambayo huwezi kuitamka mbele yake, usiitumie. Haya, maswali. Dada wa kule nyuma, wewe uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Continental, anza wewe.