Kulipwa Ili Usikawie: Mhadhara juu ya Kazi ya Kupanga Madaraja ya Sarafu

Mabibi na mabwana, wakusanyaji wenzangu, na ninyi mlioburutwa hapa na waume au wake zenu, asanteni kwa kufika.

Swali nililopewa ni fupi: mtu anayependa sarafu, je, angefurahi kulipwa mshahara kwa kuzitazama kutwa nzima na kuzipa madaraja? Nilipolisoma nilicheka peke yangu, maana nimejiuliza hilo zaidi ya mara moja. Nadhani nusu ya waliomo humu wamewahi kuiota ndoto hiyo. Unakaa mezani, taa imewaka, sarafu adimu za watu zinakuja zenyewe mpaka mbele yako, na wewe hutoi hata senti. Ni fisi kukabidhiwa bucha.

Kwa wale walioburutwa, nieleze kwanza kazi yenyewe. Sarafu mbili za mwaka mmoja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana bei kama mbingu na ardhi kwa sababu ya hali tu. Hali hiyo hupewa namba, kuanzia 1 hadi 70. Mwenye asili ya namba hizo ni William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na wazimu wa senti kubwa za shaba za zamani za nchi yake. Mwaka 1949 alipendekeza kwamba senti iliyolika hata ikatambulika kwa shida iwe 1, isiyo na ila yoyote iwe 70, na bei ya hii ya pili iwe mara sabini ya ile ya kwanza. Hesabu yake ya bei soko liliitupa. Namba zikabaki.

Kuanzia 60 kwenda juu, sarafu haikutumika kabisa. Chini ya hapo imelika, hata kama ni kidogo kama vumbi. Kwa hiyo kati ya 58 na 60 hakuna ngazi, kuna ukuta. Na ukuta wenyewe una kichekesho chake: 58 nyingi ni nzuri kuliko 60 nyingi. Ile 60 haikugusa mfuko wa mtu, lakini imepigwapigwa na wenzake ndani ya gunia mpaka uso umejaa makovu. Nikiachiwa nichague ya kukaa nayo, nachukua 58 bila kufikiri.

Nimetaja fisi na bucha. Sheldon huyohuyo alifariki mwaka 1977, na baadaye ikabainika kwamba alikuwa amechomoa senti bora kwenye hazina ya American Numismatic Society, chama cha wasomi wa sarafu cha New York, akaweka zake hafifu mahali pake. Aliyetuwekea mizani ndiye aliyeiba kwenye mizani. Silisemi hili kwa kumsengenya marehemu. Nalisema kwa sababu linaeleza kwa nini kazi hii imezungushiwa uzio. Mpanga madaraja haoni jina la mwenye sarafu. Huiona ikiwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki wenye namba tu. Na kampuni za kupanga madaraja kama NGC ya Marekani huwakataza wapanga madaraja wake kununua na kuuza sarafu kibiashara. Fisi yumo buchani, ndiyo, lakini amefungwa mdomo. Anayeota kwamba kazi hii itamjazia kabati, aamke sasa.

Kampuni zenyewe si za zamani. PCGS, nayo ya Marekani, ilianza mwaka 1986, NGC mwaka 1987. Kabla ya hapo mara nyingi muuzaji ndiye aliyesema hali ya sarafu yake, na ajabu ni kwamba sarafu ileile ilikuwa 65 ikiuzwa na 63 ikinunuliwa. Kampuni zilileta mtu wa tatu asiyenunua wala kuuza, na kasha gumu la plastiki linalofungwa moja kwa moja, namba ikiwa imeandikwa juu yake.

Sasa twende mezani. Chumba kina giza giza, mwanga ni wa taa moja. Chini kuna kitambaa laini ili sarafu ikiponyoka isiumie. Unaishika ukingoni, kamwe si usoni. Unaiinamisha polepole chini ya taa, na kama ni mpya, mng'ao unazunguka usoni kama miale ya gurudumu. Mng'ao huo si rangi wala usafi. Ni mistari midogo sana iliyochorwa na metali ilipotiririka kuelekea ukingoni wakati wa kugongwa chapa. Ukisugua sarafu, hata kwa kitambaa laini, mistari hiyo inakufa na hairudi. Halafu unakwenda palipoinuka, maana ndipo panapolika kwanza. Kwenye dola ya Morgan, ile ya fedha ya Marekani yenye kichwa cha mwanamke mbele na tai mgongoni, ni nywele zilizo juu ya sikio na kifua cha tai. Shavu nalo ni uwanja mtupu, kila mkwaruzo unaonekana. Unageuza, unatazama mgongo, unatazama ukingo, unaandika namba. Inayofuata. Mwenzako ataitazama sarafu hiyohiyo bila wewe kumnong'oneza, kisha mwingine ataamua la mwisho.

Nilipoeleza yote hayo nimetumia muda mrefu kuliko anaoutumia yeye. Sarafu ya kawaida hupewa sekunde chache tu.

Hapo ndipo penye shida yangu. Raha ya mkusanyaji ni kukawia. Unaitoa sarafu usiku watu wamelala, unaizungusha, unajiuliza ilipitia wapi, unairudisha, unaitoa tena. Mpanga madaraja hulipwa ili asikawie. Kitu ni kilekile, taa ni ileile, lakini hizo ni raha mbili zisizojuana. Mtu anaweza kuwa nayo moja maisha yake yote asiijue nyingine.

Na msidhani sanduku la asubuhi limejaa vitu adimu. Limejaa vya kawaida, tena vya kawaida vya namna moja. Kuna Silver Eagle, sarafu za fedha za Marekani, zinazotolewa tangu 1986, zinakuja kwa mamia zikitoka moja kwa moja kiwandani. Swali lako ni moja tu: 69 au 70? Unatafuta kidoa ambacho mwenye nayo hatakiona mpaka siku ya kufa. Ukimaliza hizo, kuna dola za Morgan. Hizi zilianza mwaka 1878, sheria ilipoilazimisha serikali ya Marekani kununua madini ya fedha na kuyageuza kuwa dola ambazo watu hawakuzihitaji kwa wingi huo. Zikalala hazina ndani ya magunia, elfu moja kila gunia, nyingine mpaka miaka ya 1960. Ndiyo sababu ziko nyingi ambazo hazijatumika, na ndiyo sababu hizohizo zina makovu: uzito wa dola moja ni gramu 26.73, na elfu yake ikitupwa sakafuni haiachi shavu salama. Ukiona ya mwaka 1881 kutoka San Francisco, unaifurahia, maana kiwanda hicho mwaka huo kiligonga vizuri. Ukiona ya arobaini siku hiyohiyo, sijui. Ya mwaka 1893 kutoka San Francisco ziligongwa 100,000 tu, na nadhani hiyo ikitua mezani chumba kizima kinanyamaza. Lakini mtu hawezi kuishi kwa kungoja chumba kinyamaze.

Kuna upande mmoja wa kazi hii ambao nauonea wivu bila kificho, nao ni kunasa bandia. Chukueni senti ya Marekani yenye sura ya Lincoln, ya mwaka 1909, yenye herufi VDB za jina la msanii wake mgongoni na S ya San Francisco mbele. Ziligongwa 484,000. Zisizo na S, za Philadelphia, ni karibu milioni 28. Tapeli hahitaji kutengeneza senti nzima. Anahitaji S moja na gundi. Ila S ya kweli ilichapwa na mihuri michache inayojulikana, kwa hiyo inakaa mahali panapojulikana, na ndani ya tumbo lake la juu kuna kitone kidogo kilichoinuka. Anayejua anakwenda moja kwa moja kwenye kitone. Au senti ya 1943: mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikagongwa kwa chuma kilichopakwa zinki, za shaba zikatoka chache kwa bahati mbaya. Ukiletewa ya shaba, unaipelekea sumaku kwanza. Isiposhika, usishangilie bado. Itazame 3 kwa lenzi, maana ya 1948 ikikwanguliwa 8 yake upande wa kushoto inakuwa kitu kinachofanana sana na 3. Hapo kazi ni upelelezi, na nani asiyependa upelelezi?

Kubaya zaidi ni kati ya halali na bandia. Madini ya fedha yakikaa miaka na salfa, kwa mfano kwenye karatasi ya albamu ya zamani, hujitengenezea utando wa rangi: dhahabu, zambarau, buluu ya kunguru. Wapo wanaolipa zaidi kwa rangi hiyo, na wana haki. Lakini kemia haina saa. Kinachofanywa na albamu kwa miaka thelathini, mtu mwenye salfa na joto anakifanya kabla ya jua kuzama. Mpanga madaraja anaambiwa aseme ni ipi. Si kwamba anapima rangi. Rangi ni ileile. Anapima muda na nia ya mtu asiyemjua, kwa kutazama jinsi buluu inavyoingia kwenye zambarau na kama rangi imepita juu ya mkwaruzo au imeingia ndani yake. Wengine hupaka kitu mfano wa nta kufunika kovu, na nta hiyo huwa haionekani mpaka ibadilike rangi ndani ya kasha, miezi baadaye, mbele ya mnunuzi. Atakayelaumiwa mnamjua.

Kwa lawama, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walaumu. Nilipeleka dola yangu moja kwenye kampuni fulani, ikarudi haina namba, ina neno tu: imesafishwa. Nilikasirika mwezi mzima. Nilimwambia kila aliyekubali kunisikiliza kwamba yule mtu alikuwa kipofu au amechoka. Kisha usiku mmoja nikaiweka chini ya taa moja, nikazima nyingine zote, nikaiinamisha. Mistari ikajitokeza, myembamba kama unywele, yote imeelekea upande mmoja. Kipofu alikuwa mimi. Je, nilimwandikia kumshukuru? Hapana, na sijasikia mtu aliyewahi kufanya hivyo. Namba ikiwa ya juu, sifa ni ya sarafu. Ikiwa ya chini, kosa ni la macho ya mtu asiye na jina aliyeko chumba chenye giza.

Na hata akikosea hatapumzika na kosa lake. Kuna watu wanaovunja makasha na kuzirudisha sarafu tena na tena wakitegemea pointi moja zaidi, maana pointi moja inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Sarafu ileile inaweza kumrudia mtu yuleyule bila yeye kujua, akaipa namba nyingine. Tangu 2007 ipo pia CAC, kampuni nyingine ya Marekani, inayopokea sarafu zilizokwisha pangwa na wengine na kuzibandika kibandiko cha kijani zile inazoona zinastahili namba zake. Fikirini hilo: kazi ya kumhukumu hakimu, na inalipa.

Basi ningeifurahia? Jibu langu la kweli ni kwamba ningeifurahia mpaka saa sita mchana. Asubuhi ningekuwa mwanafunzi mwenye furaha kuliko wote, kwa sababu hakuna shule inayokupitishia sarafu nyingi halisi namna hiyo, na jicho halifundishwi kwa vitabu. Baada ya chakula ningeanza kuchukia mashavu.

Hofu yangu kubwa zaidi ni ya jioni. Hata kwa huku kujifunza kwangu kwa nyumbani, nimeshaona kilichonipata: siku hizi nikishika dola ya Morgan, naona shavu kabla sijaona uso. Namba inanijia kichwani kabla sijasoma mwaka. Huyo mwanamke amechongwa kwa ustadi mkubwa, na mimi namhesabia mikwaruzo.

Kama bado mnataka kujua kuhusu nafsi zenu, lipo jaribio lisilo na gharama. Chukua sarafu ishirini za aina moja ambazo hazijatumika, zipe namba chini ya taa, andika kwenye karatasi, funika karatasi. Baada ya wiki mbili zichanganye, uzipe namba upya, kisha ufunue. Mimi nilifanya. Kati ya ishirini nilikubaliana na nafsi yangu kwenye kumi na moja. Nyingi ya zilizobaki nilipishana kwa pointi moja, jambo ambalo lingeweza kusameheka kama si pesa za watu. Lakini moja nilikuwa nimeipa 62 mara ya kwanza, na 65 mara ya pili, nikaona hapa lazima nijue kilichotokea. Nikaiweka chini ya taa. Nikahamisha taa kushoto, kisha kulia. Mng'ao wake ulikuwa unaficha kovu moja refu shingoni, kwa upande mmoja tu, ukiinamisha hivi linaonekana, ukiinamisha vile halipo. Nikaendelea kuiinamisha hivi na vile, na nilipotazama saa, karibu saa nzima ilikuwa imepita kwa sarafu moja. Mwajiri yeyote angenifukuza siku hiyohiyo.

Asanteni. Nadhani kuna maswali.